Msanii wa wimbo mmoja: kachuja kweli, au sisi ndo hatujasikiliza?

Kila ikifika tarehe 17 Mei Wakenya wanaanza utani wao wa kila mwaka kuhusu Stella. Kama humjui, Stella ni yule dada wa kwenye wimbo wa Freshley Mwamburi, aliyesomeshwa Japani na mchumba wake, jamaa akauza mpaka mali zake, halafu siku ya kwenda kumpokea eapoti, 17 Mei 1992, dada akashuka kwenye ndege na mume Mjapani na mtoto juu. Basi siku hiyo watu wanapeana pole, redio zinaupiga wimbo kutwa, wengine wanapiga hesabu yule mtoto saivi atakuwa na miaka mingapi. Na lazima atokee mtu aulize, hivi huyu Mwamburi alishawahi kutoa ngoma nyingine kweli? Hapo ubishi unawaka. Huyu anasema ni msanii wa wimbo mmoja, yule anasema acheni dharau mzee ana nyimbo kibao, mwingine anadakia kwamba hata wale wa Macarena ni hivyo hivyo, walitoa moja wakapotea.

Ukiusikiliza huo ubishi vizuri unagundua watu hawabishanii kitu kimoja. Kila mtu ana "msanii wa wimbo mmoja" wake kichwani, ndo maana hawafiki popote. Kwahiyo kabla ya yote tukubaliane maana.

Kuna msanii aliyehit mara moja tu, basi. Katoa ngoma ikapasuka, akarudi studio akatoa nyingine na nyingine, hamna kilichoshika. Huyo ndo wa wimbo mmoja halisi, na hawa ni wachache kuliko watu wanavyodhani. Halafu kuna msanii aliyehit mara kadhaa, kazi yake imedumu miaka na miaka, ila kadiri muda ulivyoenda wimbo mmoja ukameza yote mingine, leo ukimtaja watu wanaimba huo tu. Na kuna wa tatu ambaye kwao ana nyimbo za kujaza kabati ila ukivuka mpaka anajulikana kwa moja. Kuna na wa nne, ila huyo kesi yake ni ya kusikitisha kidogo, ntamrudia mwishoni.

Chukulia mama ntilie wa mtaani kwenu. Asubuhi supu na chapati, mchana wali maharage na ugali dagaa, jioni anakaanga samaki. Wewe unapita pale saa 1 asubuhi ukiwahi kazini, na kila ukipita unakuta supu, kwahiyo kwako huyo ni mama supu na ukimuelekeza mtu unasema hivyo hivyo, pale kwa mama supu. Hajaacha kupika wali hata siku moja, ni wewe tu saa za wali haupo. Hao wasanii wa kundi la pili na la tatu wengi kesi yao ni hiyo, na listi nyingi tunazozisoma zimeandikwa na watu wa saa 1 asubuhi.

Listi zenyewe zinatengenezwaje

Wengi wanaopanga hizi listi wanatumia chati ya Marekani, ile Hot 100 ya Billboard, na kipimo kilichozoeleka ni kwamba kama msanii aliingia 40 bora mara moja tu maisha yake yote basi anahesabika wa wimbo mmoja. Kipimo kiko wazi, hamna anayeonewa, ila kinaleta vituko. Kwa kipimo hicho Jimi Hendrix ni msanii wa wimbo mmoja. Ndio, Hendrix huyo huyo ambaye wapiga gitaa dunia nzima mpaka kesho wanaiga vidole vyake. Ngoma yake moja tu ndo iliingia 40 bora Marekani, All Along the Watchtower mwaka 1968, ikaishia namba 20, na hata huo wimbo wenyewe hakuutunga yeye, ni wa Bob Dylan. Grateful Dead nao ni hivyo, bendi iliyozunguka miaka 30 ikijaza viwanja, chati inawajua kwa Touch of Grey ya 1987 tu. Sasa mtu akikuletea listi yenye Hendrix ndani utajua kabisa kwamba chati inapima singo iliuzwa na kupigwa vipi wiki ile, haipimi msanii.

Shida ya pili ya kutumia chati ya nchi moja ni kwamba dunia ina nchi nyingi. Hapa mfano wangu ni a-ha, wale vijana watatu wa Norway. Ukimuuliza Mmarekani atakwambia Take On Me, ile video ya michoro ya penseli ambapo dada anavutwa mkono anaingia ndani ya katuni, halafu atakwambia sijui waliishia wapi. Waliishia wapi? Mwezi wa kwanza 1986 walikuwa namba 1 Uingereza na wimbo mwingine kabisa, The Sun Always Shines on T.V., mwaka 1987 wakaimba wimbo wa filamu ya James Bond, na 1991 wakapanda jukwaani Maracanã kule Rio de Janeiro mbele ya watu karibu laki 2. Laki 2! Na hata hapo hapo Marekani ule wimbo wao mwingine ulifika namba 20, yaani hata kwa kipimo cha Wamarekani wenyewe hawa sio wa wimbo mmoja. Ila mtaani Marekani walishaamua, na mtaa ukishaamua chati haina nguvu.

PSY wa Korea Kusini naye ni huyo huyo. Gangnam Style ilitoka 2012 ikawa video ya kwanza YouTube kufikisha watazamaji bilioni 1, watu wakasema katokea ghafla kapotea ghafla, wakati kwao alikuwa anatoa albamu tangu 2001.

Los del Río, wazee wa Macarena

Hawa nawapa nafasi yao maana ndo wanaosingiziwa kuliko wote. Watu wanawachukulia kama vijana fulani waliobahatisha mwaka 1996. Antonio Romero na Rafael Ruiz ni watu wa Dos Hermanas, mji ulio jirani na Sevilla kusini mwa Hispania, na walianza kuimba pamoja tangu miaka ya 60. Kazi yao ilikuwa muziki wa kwao wa Andalusia, ule wa sherehe na maharusi, gitaa na makofi. Wimbo wao wa kuisifu Sevilla watu wa kule wanaujua kwa moyo. Yaani Macarena ilivyotoka mwaka 1993 hawa walikuwa na miaka 30 kwenye kazi.

Na ilivyotoka haikuwa ile unayoikumbuka wewe. Ilikuwa ngoma ya Kihispania yenye ladha ya kwao, ikafanya vizuri Hispania na Amerika ya Kusini. Baadae maprodyuza wa Miami wanaojiita Bayside Boys wakaichukua, wakaiwekea biti ya klabu, wakaongeza dada anaimba Kiingereza, na hiyo ndo ikakaa namba 1 Marekani wiki 14 mfululizo mwaka 1996, na ile staili ya mikono, kiganja chini kiganja juu bega kichwa kiuno, ikafika mpaka kwenye harusi na mahafali za huku kwetu ambapo hamna aliyekuwa anaelewa hata neno moja. Wazee wa watu wakati huo umri unaelekea 50, wamevaa suti zao nzuri, wanazunguka dunia kuimba wimbo mmoja. Ukimwambia mtu wa Sevilla kwamba Los del Río walitoa moja wakapotea atakushangaa, kwake walikuwepo kabla na waliendelea kuwepo baada.

Kwanini wimbo mmoja unameza mingine

Hapa ndo penyewe. Watu wanadhani wimbo unaobaki ni ule mzuri kuliko yote, na mimi nasema hapana, unaobaki ni ule wenye kazi. Ukiziangalia hizi ngoma zilizowameza wenyewe, karibu kila moja imeajiriwa mahali.

Macarena imeajiriwa kwenye sherehe, maana ina staili ambayo babu na mjukuu wote wanaiweza. Stella Wangu imeajiriwa na kalenda, ina tarehe kamili ndani yake, kwahiyo hata ukitaka kuisahau, 17 Mei itakukumbusha. Kumbuka Unbwogable ya Gidi Gidi Maji Maji, hawa vijana walikuwa na albamu nzima kabla yake, Ismarwa, lakini 2002 NARC, muungano wa vyama vya upinzani, wakaibeba Unbwogable kwenye kampeni zilizomuingiza Kibaki ikulu, na tangu siku hiyo ule wimbo sio wa wasanii tena, ni wa uchaguzi ule, mtu akiusikia anaiona 2002. Huwezi kushindana na historia ya nchi kwa singo mpya.

Na Jambo Bwana. Them Mushrooms walikuwa bendi ya mahotelini pwani ya Kenya, Teddy Kalanda Harrison akatunga wimbo wa kumkaribisha mgeni kwa maneno ambayo mgeni anayashika ndani ya dakika 2, salamu, habari, karibu, hakuna matata. Ukatoka 1982, mwaka uliofuata Boney M nao wakatoa ya kwao. Mpaka leo ukikaa kwenye hoteli ya ufukweni, iwe Diani au Nungwi, saa za chakula cha jioni lazima wapite vijana wenye gitaa na ngoma wakiuimba meza kwa meza, na mtalii anapiga makofi kidogo nje ya mdundo. Ule wimbo una ajira ya kudumu. Sasa Them Mushrooms hao hao ndo waliofanya Zilizopendwa, ule mseto wa nyimbo za zamani uliochezwa kila kona Kenya, na ndo hao waliopiga Vidonge na Mama Malika, taarabu iliyokolea, watu wa pwani wanaijua. Kwahiyo nani wa wimbo mmoja hapo? Kwa mtalii, ndio. Kwa mtu wa Mombasa aliyekua miaka ya 80 na 90 hiyo hoja haianzi hata kidogo.

Wimbo ukishapata ajira kinafuata kitu kingine, mazoea ya wanaopiga muziki. Didjei wa harusi hana muda wa kujaribu, anataka ukumbi uinuke, kwahiyo kwa kila msanii wa zamani anaweka ule mmoja anaojua hautamuangusha. Mtangazaji wa kipindi cha zilipendwa naye ni hivyo. Inapita miaka 20, kinazaliwa kizazi ambacho kimewahi kusikia ule mmoja tu, na wao wakiomba wimbo redioni wataomba upi? Huo huo. Saivi mitandao imeongezea chumvi, ukifungua ukurasa wa msanii Spotify au popote unakuta nyimbo zake zinazosikilizwa zaidi zimepangwa juu kabisa, mtu anabonyeza wa kwanza, anausikiliza, anatoka, na kwa kuubonyeza ameupa nguvu ya kubaki wa kwanza. Albamu zilizobaki zipo chini huko hazina mgeni.

Lugha nayo ina mchango. Mory Kanté wa Guinea alikuwa griot, yaani mwimbaji wa jadi, mtu wa kora, kile kinubi cha Afrika Magharibi, aliyepita Rail Band ya Bamako, bendi ile ile aliyoimbia Salif Keita. Yéké Yéké yake ya 1987 ikashika namba 1 kwenye nchi kadhaa za Ulaya na ikauza zaidi ya nakala milioni. Msikilizaji wa Ulaya aliupenda kwa sababu ulikuwa mpya masikioni, hakuwa anafuatilia anachosema. Ikija ya pili upya umeshaisha, maneno bado hayaeleweki, anaenda kutafuta upya kwingine. Afrika Magharibi waliendelea kumsikiliza mpaka alipofariki Conakry mwaka 2020, maana wao walikuwa wanaelewa.

Hata ndani ya nchi moja lugha inafanya hivyo. Saida Karoli aliimba Kihaya, Maria Salome ikatoka 2001 na Tanzania nzima ikacheza, Wagogo, Wamakonde, Wapemba, kila mtu, japo wengi tuliambulia pale penye kuchambua karanga tu. Ukienda Bukoba wanakutajia Kaisiki na nyingine bila kufikiri. Ukija Dar watu wengi hata jina halisi la wimbo hawalijui, wanaita tu ile ya karanga. Mwaka 2016 Diamond na Rayvanny wakaurudia kama Salome, watoto waliozaliwa baada ya 2001 wakaujua, na mwaka uliofuata mama akarudi na Orugambo.

Maneno ya vijiweni

La kwanza linalosemwa ni kwamba alibahatisha. Sawa bahati ipo, siwezi kusema haipo, lakini angalia njia zilivyokuwa. Take On Me ilitolewa 1984 na Uingereza haikushika, ikarekodiwa upya na prodyuza mwingine, ikapigwa video mpya, ndo ikatoboa 1985. Sweet Mother ya Prince Nico Mbarga, ambayo kila mtu aliyewahi kuhudhuria sherehe ya akina mama Afrika anaijua, ilikataliwa na kampuni ya EMI kwanza, eti ya kitoto, ikaja kutolewa 1976 na Rogers All Stars wa Onitsha, Nigeria, na ikauza mamilioni. Mtu anayeng'ang'ania wimbo uliokataliwa sijui tunamuitaje mbahatishaji.

La pili, kwamba baada ya pale walichuja kwa uvivu. Wengine waliamua tu kufanya mambo mengine, Gidi wa Gidi Gidi Maji Maji ni mtangazaji mkubwa wa redio Kenya, kila asubuhi anasikika na mamilioni wanamjua kwa sauti kuliko kwa Unbwogable. Wengine walizuiwa na wimbo wenyewe, maana ukishahit kampuni inataka umletee ule ule umebadilishwa nguo, na msikilizaji akiupata anasema kajirudia, usipouleta anasema kapotea.

Tena sio kila aliyehit anaupenda wimbo wake. Miriam Makeba alihutubia Umoja wa Mataifa mwaka 1963 kuhusu ubaguzi wa rangi, alizuiwa kurudi kwao miaka 30, alipata Grammy na Harry Belafonte, ana nyimbo nzito za kukuliza, na kote alikokwenda walitaka Pata Pata. Mwenyewe alishangaa kwanini dunia iliuchagua huo, wimbo wa kucheza tu usio na uzito.

La tatu ni hela, na hapa ndo uongo ni mwingi. Kuna wanaosema wimbo mmoja kama ule anakula mpaka anakufa, na kuna wanaosema wasanii hawa wote walifulia. Inategemea karatasi, yaani mkataba. Ndani ya wimbo mmoja kuna mali mbili. Moja ni utunzi, yaani maneno na tuni ya wimbo kama ungeuimba bafuni. Nyingine ni rekodi, ile sauti iliyonaswa studio siku fulani na watu fulani. Boney M wakiurudia wimbo wako, rekodi ni yao, ila utunzi ni wako, na kila nakala wakiuza mtunzi ana fungu lake. Aliyeimba tu bila kutunga fungu la utunzi halimuhusu, na Marekani ndo balaa, redio za kawaida kule zinamlipa mtunzi tu, aliyeimba hapati kitu wimbo wake ukipigwa. Huku kwetu zamani wengi walirekodi kwa kulipwa mara moja, unapewa chako mkononi unaondoka, na kampuni inabaki na kila kitu. Kwahiyo wimbo unaweza kuwa maarufu dunia nzima na mwimbaji akawa anapanda daladala.

Lou Bega ni mfano mzuri wa karatasi. Mjerumani, baba yake Mganda, mama yake wa Sicilia, 1999 akatingisha na Mambo No. 5. Ule muziki ni wa Pérez Prado, Mcuba, wa mwaka 1949, Lou Bega akaweka maneno na ile listi yake ya majina ya wanawake. Kesi ikaenda miaka mpaka mahakama ya juu ya Ujerumani ikaamua 2008 kwamba ni kazi ya wote wawili.

Sasa yule wa nne. Huyu ni msanii ambaye wimbo wake unajulikana kuliko yeye, tena unajulikana kwa jina la mtu mwingine. Daudi Kabaka wa Kenya, Helule Helule yake ilichukuliwa na The Tremeloes wa Uingereza wakaingia nayo chati 1968, muulize Mwingereza aliyeicheza enzi hizo Kabaka ni nani. Na Malaika. Waliourekodi na kuutangaza ni Fadhili William na wenzake Nairobi, mwanamuziki aliyekuwa na nyimbo nyingine kama Taxi Driver, lakini ukitoka nje ya Afrika Mashariki Malaika ni wa Makeba, au wa Belafonte, au wa Boney M, inategemea uliyemkuta kwanza. Hata hapa kwetu mambo hayajakaa sawa, maana Adam Salim wa Tanzania naye alidai kwamba aliyeutunga ni yeye, kwa ajili ya msichana aliyemkosa. Fadhili William alifariki 2001. Ukigeuza jalada la albamu moja unakuta jina hili, ukigeuza la nyingine unakuta jina lile, na hela inafuata jina lililoandikwa.